Nati Tatu Nyuma ya Geti

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani yenye picha ya Kibo, kana kwamba mlima siuoni kila asubuhi nikifungua dirisha hapa Shirimatunda. Kisha mmoja wenu akanishika mkono akaniambia niandike kumbukumbu zangu za karakana ili ninyi mliobaki mjifunze kitu. Nimekaa na ombi hilo miezi mitatu. Kila nikianza kuandika hasira inanipanda, naweka kalamu chini, natoka kwenda kumwagilia migomba. Leo migomba imeshiba maji, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Mnaotaka habari za vyeo, kaulizeni utawala. Mimi nitaandika habari za geti moja ambalo urefu wake unazidi kidogo kiganja cha mkono. Limetengenezwa kwa njiti ya mwavuli, na liko kwenye meza ya reli ya mfano pale karakana ya umeme. Kwa sababu ya geti hilo fundi mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi ameondolewa chuoni kwa barua yenye neno "uzembe", na barua hiyo inamfuata kila anapoomba kazi. Wengi wenu mnajua mwisho tu, tena mwisho wenyewe mmesimuliwa vibaya. Naanza mwanzo.

Niliripoti chuoni nikiwa na viatu vilivyong'arishwa na cheti kwenye bahasha. Aliyekuwa na funguo za karakana ni Mzee Elisante, Mmachame aliyefanya kazi ya ishara za reli huko tambarare mpaka akastaafu, kisha akaletwa kutufundisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika miaka yote niliyokuwa chini yake hakuwahi kunisifu. Alikitoa cheti changu kwenye bahasha, akakisoma pande zote mbili ingawa upande wa pili haukuwa na kitu, akanirudishia.

"Nimekiona," alisema. "Sasa nenda kakae na mlinzi pale getini."

"Nikafanye nini, mzee?"

"Ukainue na kushusha. Ukishajua limekaaje, uje uniambie."

Nilikaa na mlinzi siku tatu nikiinua na kushusha lile bomba refu kila gari lilipopita. Wanafunzi walinisalimia wakidhani mimi ndiye mlinzi mpya. Nilikasirika sana, na hapo nilikuwa bado mgeni wa hasira. Siku ya nne nikarudi karakana.

"Limekaaje?" akauliza Mzee Elisante.

"Nyuma yake kuna jiwe limefungwa, mzee. Ukiachia kamba linapanda lenyewe."

"Kwa nini wamefunga jiwe?"

"Ili mlinzi asichoke."

"Basi. La reli ni kinyume. Uzito unakaa mbele, upande wa barabara. Likikosa mtu, likikosa waya, likikosa umeme, linashuka. Mwenye haraka zake atatutukana, lakini atafika kwake."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kweli. Ile karatasi ya utawala sikumbuki iliuliza nini.

Meza ya reli ilianza miaka kadhaa baadaye. Mjerumani mmoja mstaafu, aliyewahi kuja kupanda mlima na kutembezwa chuoni, alitutumia kasha la vitu vya treni ya mfano: vipande vya reli, kichwa kimoja cha treni, mabehewa sita, na nyumba ya stesheni yenye paa lililochongoka ili theluji isikae, jambo ambalo Moshi mjini hatujalihitaji. Ndani ya kasha mlikuwa pia na geti la plastiki lililogandishwa kwa gundi. Mzee Elisante alilisukuma kwa kidole, halikutikisika. Akasema geti lisilotembea ni uzio, akaling'oa.

Tukaamua kutengeneza letu, litembee lenyewe bila mtu kuligusa. Treni ikikaribia makutano ya reli na barabara lishuke, treni ikipita lipande. Mkono tuliutoa kwenye njiti ya mwavuli uliovunjika. Chini ya kichwa cha treni tukabandika kipande cha sumaku, na kando ya reli tukaweka swichi ndogo zinazojifunga sumaku ikipita juu yake. Mimi nilitaka kuinua mkono kwa mota ya redio ya kaseti. Mzee aliniacha. Mota iliinua vizuri, ikashikilia, ikaendelea kushikilia, mwisho ikatoa moshi. Niliunguza mota tatu kabla sijaenda kumwomba ushauri, na alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwangu muda wote huo akinoa patasi.

Akanipa koili aliyoitoa kwenye swichi ya pampu ya maji. Koili ikipata umeme inavuta kifimbo cha chuma, kifimbo kinavuta mshipi wa kuvulia samaki, mshipi unainua mkono wa geti. Umeme ukikatika koili inaachia, na mkono unashuka kwa uzito wake wenyewe. Tatizo likawa kwamba ulishuka kwa kishindo. Tulikwenda zahanati tukaomba bomba la sindano, tukalijaza mafuta ya cherehani, tukalifunga kwenye kifimbo. Mafuta yakawa yanapenya polepole kwenye tundu la sindano, na geti likaanza kushuka kwa adabu. Siku hiyo Mzee Elisante aliliendesha mara nyingi, halafu akaniambia nifagie.

Nataka mkumbuke kosa moja, maana nimeliona kwa kila kundi la wanafunzi. Ukiwapa njiti na nati, ukawaambia watengeneze geti la reli, watafunga nati nyuma. Karibu wote. Hawana ujinga, wana macho. Tangu utoto wameona kizuizi cha ushuru wa mazao, kizuizi cha maliasili, mwishoni wamefika mpakani Holili wakaona kingine, na vyote walivyoviona vina jiwe au ndoo ya zege kwenye kisigino. Geti, kwa mtoto wa huku, ni kitu kinachotaka kupanda. Nilikuwa nawaacha wafunge nyuma, kisha naenda kwenye swichi kuu nazima umeme wa karakana nzima, tunakaa tunatazama treni iliyosukumwa kwa mkono ikipita chini ya geti lililo wazi. Baada ya hapo sikuhitaji kusema mengi.

Mzee Elisante alipofariki, tulimzika kwao Machame na funguo zikabaki kwangu. Nilikaa peke yangu na meza ile miaka mingi. Kisha akaja Witness.

Witness Kimaro aliletwa kama fundi wa karakana, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Binti wa Marangu, mwembamba, mwenye mazoea ya kuongea na saketi akiwa anailehemu. Siku ya kwanza nilimpa njiti na nati kama ninavyowapa wote. Akaipima kwenye kidole, akafikiri, akafunga nati mbele.

"Umefundishwa wapi?" nikamuuliza.

"Sijafundishwa, mwalimu. Nimejiuliza tu umeme ukikatika itakuwaje. Kwetu unakatika kila siku."

Nikaenda nje kidogo. Sikutaka anione nacheka.

Kesi ngumu kuliko zote aliitatua yeye, na mimi nilikuwa nimeishi nayo miaka bila kuiona. Mchana mmoja behewa la mwisho, lile tulilolipakia mbegu za kahawa ili lionekane lina shehena, lilikatika kutoka kwenye treni likabaki limesimama katikati ya makutano. Kichwa kiliendelea na safari, sumaku yake ikapita kwenye swichi ya mwisho, na geti likapanda. Behewa liko barabarani, geti liko wazi. Nilisema ni bahati mbaya, nikanyoosha mkono kuliunganisha.

"Usiliguse, mwalimu," akasema Witness. "Geti letu linajua kichwa kimepita. Halijui kama treni yote imepita."

Alikaa na tatizo hilo wiki mbili. Alitoa swichi za sumaku, akaweka sensa za mwanga pande zote mbili za makutano, akaziunganisha kwenye saketi ndogo aliyoiandikia programu mwenyewe. Sensa zikawa zinahesabu magurudumu. Yakiingia ishirini na nane, geti halipandi mpaka yatoke ishirini na nane. Yakitoka ishirini na nne, geti linakaa chini hata kama ni mpaka Krismasi. Koili hakuigusa, bomba la sindano hakuligusa, uzito aliuacha mbele. Barabarani akaweka gari dogo linalovutwa na mnyororo uliofichwa chini ya meza, na mkono wa geti ukishuka unabonyeza swichi inayosimamisha mnyororo. Nimefanya kazi na watu wenye shahada zilizowekwa kwenye fremu ambao hawajawahi kuwaza hivyo. Nilimwambia kazi yake ni nzuri. Nilimwambia mara moja tu, na sasa naona ilikuwa uchoyo.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mkuu wa idara yetu, Mwalimu Lyimo, mnamjua. Ni mtu anayevaa koti karakana na kuogopa vumbi la mbao. Chuo kilikuwa kinapokea mgeni rasmi, na meza ya reli ndiyo ingekuwa kivutio. Tangu asubuhi umeme ulikuwa unacheza, unakuja na kwenda, na kila ukienda geti lilishuka kama lilivyotakiwa. Lyimo akaona aibu inamjia. Kwanza akatuamuru tuhamishie treni na gari kwenye betri ya sola, ili umeme ukikatika onyesho liendelee. Geti likabaki kwenye umeme wa kawaida, maana betri ilikuwa ndogo. Witness alisema hakuna neno, umeme ukikatika geti litashuka, gari litasimama, treni itapita salama. Alisema hivyo mbele yangu na mbele ya Lyimo. Kisha akatumwa stoo kuchukua viti vya wageni.

Alipotoka, Lyimo alirudi mezani. Akachukua nati tatu kutoka kwenye kopo langu na waya wa shaba, akazifunga nyuma ya bawaba ya geti. Geti likapanda likakaa juu, koili iwe na umeme au isiwe nao.

"Mkuu," nikamwambia, "hapo umeligeuza."

"Mwalimu Massawe, wageni wakiingia wakute geti limeshuka watadhani limeharibika. Wapiga picha wanakuja. Na hiki kitu ni cha kuchezea tu."

"Koili ina nguvu ya kuinua. Ya kushusha haina."

"Baada ya picha nitazitoa."

Nilinyamaza. Naandika neno hilo polepole ili lionekane vizuri: nilinyamaza.

Mgeni rasmi aliingia mapema kuliko ratiba, na nati hazikutolewa. Treni ikaanza, gari dogo likaanza, watu wakapiga makofi. Mzunguko wa kwanza treni ilipita chini ya geti lililo wazi gari likiwa bado mbali na reli, na hakuna mgeni aliyegundua. Katika mzunguko wa pili umeme ukakatika. Treni na gari, vyenye betri yake, vikaendelea. Geti likabaki juu linatutazama. Gari likaingia relini mbele ya macho ya watu wote, kichwa cha treni kikaligonga, kikaruka reli, kikaanguka kutoka mezani mpaka kwenye sakafu ya saruji na kupasuka. Mgeni rasmi akacheka. Akasema sasa ameelewa kwa nini ajali haziishi barabarani, na wote waliokuja naye wakacheka kwa zamu kufuatana na vyeo vyao.

Lyimo naye akacheka, kisha akageuka. "Huyu fundi wetu wa mkataba," alisema, "nilimwambia akague."

Witness alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi. Alikiweka chini, akaja mezani, akainama, akaona nati. Hakuzigusa. Aliinua macho akanitazama mimi, si Lyimo. Alijua ninajua, maana kopo lile lilikuwa langu na hakuna anayechukua kitu humo bila mimi kuona.

Ripoti iliandikwa wiki hiyohiyo. Ilisema fundi alifunga uzito upande usiofaa kwa uzembe na kusababisha uharibifu wa mali ya chuo mbele ya mgeni. Walihitaji sahihi ya mwalimu aliyekuwepo. Lyimo aliniletea yeye mwenyewe, akaiweka juu ya faili langu la kustaafu, ambalo nalo lilikuwa linasubiri mkono wake. Hakusema neno la vitisho. Alisema tu kwamba hakuna haja ya kukuza mambo, binti bado mdogo, atapata kazi nyingine. Nilisaini. Kalamu ilikuwa yake.

Hapana, binti hakupata kazi nyingine. Chuo kimoja cha huko juu mlimani kilimwita, kikaomba barua kutoka kwetu, na baada ya kuipata hakikumwita tena. Kingine vilevile. Mimi nikaendelea kwenda kazini miezi iliyobaki, nikakarabati meza, nikazitoa zile nati na kuzitupa chooni, nikaagwa kwa hotuba. Lyimo alinisifu kwa uadilifu. Nilikula pilau yenu, nikabeba saa yenu nikarudi nyumbani.

Tangu nistaafu sikuwa nikimsalimia Lyimo. Kanisani napita mlango mwingine. Mjini nikimwona navuka barabara. Habari ikafika kwao, wazee wakamsema. Jumamosi iliyopita akaja hapa kwangu na baba yake mdogo, ndoo ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na jani la sale. Kwa walio wageni huku: sale ni ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, na mtu akikuletea jani lake kukuomba msamaha huwezi kumkatalia. Hata aliyemwua ndugu yako akija nalo, unalipokea. Niliambiwa hivyo na babu, na sikuwahi kufikiri ningelichukia jani.

"Mwalimu, nimekosa," alisema Lyimo, macho yako chini.

"Umemkosea nani?" nikamuuliza.

Baba yake mdogo akaingilia kati. "Mzee mwenzangu, jani likishafika haliulizwi maswali."

Ni kweli, haliulizwi. Nililipokea, nikanywa kata moja, wakaondoka wamepumua. Mimi nikabaki uani na lile jani mkononi. Ameleta ombi la msamaha kwa mtu mwenye pensheni na saa ya ukutani. Nilimtukana kwa sauti mpaka mke wangu akatoka jikoni.

"Unamtukana nani na watu wameshaondoka?"

Nikamweleza kwamba Lyimo amekosea nyumba, kwamba alipaswa kwenda kwa Witness.

"Na wewe ulishakwenda?" akauliza, akarudi jikoni.

Jumatatu nilikata jani langu mwenyewe kwenye mpaka wa shamba, nikapanda bajaji mpaka mjini. Witness amepanga kibanda karibu na soko, anatengeneza redio na chaja za simu. Alikuwa na mteja. Nikasubiri nje nimelificha jani ndani ya koti, mzee mzima naona haya. Mteja alipotoka nikaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

Nikalitoa jani, nikalishika kwa mikono miwili. Alilitazama, na hakuficha kwamba amekasirika.

"Wewe ni mkubwa kwangu," akasema. "Ukiniletea hili unanifunga. Unajua sina ruhusa ya kukataa."

"Najua. Nimekosa, Witness. Niliona na nikasaini."

Alifuta mikono kwenye kitambaa, akalipokea, akaliweka juu ya redio iliyofunguliwa.

"Nimesamehe, mwalimu. Mungu ananiona, nimesamehe. Lakini hili jani ni la kwangu na wewe. Mkuu wa chuo hapokei masale. Kwenye faili langu bado kuna sahihi yako."

Nikamwambia "Aika," asante ya kwetu, nikarudi nyumbani. Hivyo kumbukumbu mlizoniomba ndizo hizi, na ukurasa wa mwisho si wenu peke yenu. Nakala moja nimeipeleka leo kwa mkuu wa chuo na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nyingine ibandikeni kwenye ubao wa karakana. Akiing'oa mtu, njooni, nitawaandikia tena.

Mimi, Aloyce Massawe, niliyekuwa mwalimu wa karakana ya umeme, nakanusha ripoti niliyoisaini. Witness Kimaro hakuligeuza geti. Alilijenga vizuri, akaeleza mbele yetu wawili litafanya nini umeme ukikatika, kisha akatumwa viti. Aliyefunga nati tatu nyuma ni mkuu wa idara. Nilimwona akizifunga. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na plaizi ilikuwa mfukoni mwangu.